Paipu Iliyojaa

Siku maziwa ya kikundi yalipomwagwa kule Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mbwa wa kijiji walipata habari kabla ya padri. Maziwa yalitoka kwenye mlango wa kituo cha kukusanyia, yakashuka mtaroni kando ya barabara ya mawe, na harufu ya uchachu ikapanda hadi kwenye migomba. Akina mama walisimama na ndoo zao. Walikuwa wamekuja kuleta maziwa ya asubuhi, wakakuta ya jana yameganda ndani ya tangi la ubaridi. Hakuna aliyelia. Mama wa Kibosho humlilia mtu aliyekufa. Kwa maziwa, humtafuta aliyeyaharibu.

Na wa kutafutwa hakuwa mbali. Mzee Filemon, mtunza tangi, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kituo, simu yake ya vitufe mkononi, inachuruzika maziwa. Ilikuwa imemtumbukia tangini alipoinama kutazama, ikafa papo hapo. Umeme ulikatika usiku; mashine ya kituo ilitakiwa kumwamsha kwa simu, na kazi yake ilikuwa kuwasha jenereta. Hakuwasha.

"Simu iliita, hukuamka?" Mama Elisifa, mwenyekiti wa kikundi, alimuuliza.

"Sikuisikia," akasema Filemon.

Mtu mwenye hila angesema "haikuita", akashikilia hapo mpaka wachoke. Lakini Filemon alikuwa ametoka kwenye sherehe ya kipaimara jioni ile, na mbege, pombe ya ndizi, alikunywa. Hakuweza kuapa kuhusu jambo lililotokea akiwa usingizini, kwa hiyo alisema alichokijua tu. Hasara ya ukweli wa namna hiyo ni kwamba watu huusikia wanavyotaka.

Aliyeitwa kuja kupima mashine alikuwa Kindness, binti ya Lukresia, mmoja wa wanakikundi. Kindness aliandika programu za kompyuta katika ofisi moja mjini Moshi, na ile mashine ya pale kituoni ilikuwa kazi ya mikono yake, zawadi kwa kikundi cha mama yake. Alifunga kipimajoto ndani ya tangi, akaweka kompyuta ndogo yenye betri na laini ya simu, akaifundisha kazi moja: tangi likipata joto, impigie mtunza tangi. Kabla ya hapo Filemon alikuwa akiamka kila usiku, anateremka kwenye utelezi, anaweka kiganja kwenye ubavu wa tangi, anarudi kulala. Kindness ndiye aliyemwambia aache.

"Sasa lala, baba. Likipata joto simu yako itaita."

Filemon alivua kofia siku ile. "Aika, mwanangu," alimshukuru kwa Kichagga. "Magoti yangu yatakuombea."

Basi asubuhi ya maziwa, Kindness alipanda kutoka mjini, akaikuta kompyuta inawaka. Akafanya kama wafanyavyo mafundi wote duniani wakikosa la kufanya kwanza: akaizima, akaiwasha tena. Kwa kuwa simu ya Filemon ilikuwa imekufa, akaweka namba ya Mama Elisifa. Kisha akachovya kipimajoto kwenye kikombe cha maji ya moto, wote wakangoja. Haikupita hata kitambo, simu ikaita ndani ya kitenge cha Mama Elisifa. Iliita kwa wimbo wa kwaya, kwa sauti kubwa, na akina mama wote wakageuza nyuso zao kwa pamoja wakamtazama mzee pale kwenye ngazi.

"Mashine ni nzima," alisema Kindness. Alisema kwa nia safi kabisa, na hilo ndilo lililomponza Filemon.

* * *

Ilikuwa Alhamisi, ofisini mjini, ndipo kitu kilipomchoma. Kindness alikuwa amefungua ile kazi ya tangi amwonyeshe Shivani, kwa kuwa vikundi vya Machame na Kirua Vunjo navyo vilikuwa vimeanza kuuliza kama vinaweza kufungiwa mashine kama ile. Shivani alikuwa mwenzake wa meza ya pili, binti wa wenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, mcheshi, lakini akisoma programu ya mtu hacheki. Alishuka na macho polepole, kikombe cha chai mkononi.

"Hii paipu ya kurudi," akasema, "nani anaisoma?"

Kindness akainama mbele ya kioo, akaanza kumtafuta.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na programu mbili. Moja ilipima joto, ya pili ilipiga simu. Programu mbili hazionani wala hazisikiani. Kila moja ina chumba chake na mlango umefungwa. Ili ziongee, mwandishi huziwekea paipu: moja inatia maneno upande huu, nyingine inayachota upande ule. Na paipu ina kiasi chake. Ikijaa, na hakuna anayechota, anayetia husimama kungoja nafasi. Hafi, halalamiki, hampigii mtu kelele. Ukimtazama kwa nje utasema yu kazini.

Kindness aliweka paipu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa ile ya kwenda, mpimaji alimpa mpiga simu kila kipimo. Kwa ile ya kurudi, mpiga simu alijibu: nimepokea, nimepokea. Mpimaji akayachota majibu hayo na kuyaandika kwenye kioo, kutwa kucha, mistari inapanda kama siafu. Mama Elisifa ndiye aliyechoshwa nayo. "Mwanangu, kompyuta yako ina maneno kuliko wifi," alisema siku moja baada ya misa. "Inyamazishe." Akina mama wakacheka, Kindness naye akacheka, akaketi palepale, na kwa haraka ya Jumapili akaifuta sehemu ile ya kuchota na kuandika. Kioo kikatulia. Lakini yule wa kujibu hakuambiwa anyamaze. Aliendelea kusema nimepokea, nimepokea, ndani ya paipu isiyochotwa na mtu, mpaka ikajaa, akasimama. Na aliyesimama kungoja hapigi simu.

"Labda haikufika kujaa," alisema Kindness.

Shivani hakubishana. Alivuta kiti, wakaiendesha programu hapo mezani, wakaiharakisha ipime mfululizo. Chai ilikuwa bado ya moto programu iliposimama. Wakapandisha joto. Hakuna simu. Wakaorodhesha programu zilizo hai: zote mbili hai, zimekaa kimya, ya kupiga simu inamngoja mtu ambaye hayupo. Kindness akazima, akawasha upya. Paipu zikawa tupu, simu ikaita mara moja, kama ilivyoita kwenye kitenge cha Mama Elisifa.

Alikumbuka ngazi ya kituo, na zile nyuso zikigeuka.

"Si ulisema kuna mzee wanamlaumu?" Shivani aliuliza.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Jumapili kuna kikao. Nitawaambia hapo hapo, wote wakiwepo."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Filemon alikuwa ameubeba mzigo wa Kindness tangu asubuhi ile, na Kindness, aliyekuwa akijua uzito wake sasa kuliko mtu yeyote, alijiambia kwamba mzee ataweza kuusogeza mpaka Jumapili.

Jumamosi alipanda Kibosho mapema, peke yake, akaingia kituoni. Kurekebisha kulikuwa kitu kidogo cha aibu: kumwambia mpiga simu asijibu tena. Alikuwa anafunga kompyuta Mama Elisifa alipoingia na funguo zake.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Hapo palikuwa pazuri pa kusema. Hapakuwa na mtu mwingine, na mama huyu alimjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

"Naisafisha tu, mama," alisema Kindness.

Mpaka hapo alikuwa amekosea, na kukosea ni kwa kila mtu. Kuanzia neno lile alikuwa amedhulumu, na alilijua jambo hilo vizuri kabisa. Mama Elisifa akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, akamkatia mkungu wa ndizi shambani kwake aende nao mjini. Kindness aliubeba mpaka stendi. Ndizi ziliivia kwenye kona ya chumba chake, akashindwa kuzila na akashindwa kuzigawa.

Kikaoni Jumapili alikaa karibu na mama yake. Filemon alisimama mbele, kofia mikononi, na maneno yalikuwa mengi: kwamba alikunywa, kwamba mtu wa mbege hapewi tangi, kwamba mnunuzi wa maziwa ameanza kuwatazama kwa jicho la pembeni. Mke wake peke yake ndiye aliyemtetea. Alisema alikuwa amelala pembeni yake, hakunywa chochote, na simu haikuita. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema mke asipomtetea mume, nani amtetee.

Mama Elisifa akageuka. "Kindness, mwanangu, wewe ndiye mtaalamu. Mashine ni nzima au si nzima?"

Kindness alisimama. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Alhamisi yalikuwepo, yamejipanga kooni. Aliwaona akina mama wanamtazama kwa fahari, wale waliokuwa wakiwaambia wageni wa Machame kwamba huyu ni wetu, tumemlea hapa.

"Ni nzima, mama," alisema.

Ilikuwa kweli. Aliirekebisha mwenyewe jana yake. Akaketi, na mama yake akampapasa goti kwa kumpongeza. Kazi ya tangi akapewa mtu mwingine, na Filemon akavaa kofia yake akatoka. Mke wake alibaki ameketi kidogo, anamtazama Kindness bila chuki, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha hapo karibu.

* * *

Jumapili iliyofuata Kindness hakutaka kwenda nyumbani. Alikwenda kwa sababu mama yake alipiga simu mara mbili kuuliza kama anaumwa. Wakatoka misani, wakaketi uani kwenye kihamba, shamba la ukoo, Lukresia anamenya ndizi za supu ya mtori, ng'ombe anatafuna bandani. Mtu akabisha hodi nyuma ya migomba.

Alikuwa Filemon. Amevaa koti la harusi na misa, na mkononi amebeba majani ya isale.

Isale ni mmea wa mpakani. Kila kihamba kinao, na mgeni hawezi kujua una maana gani. Lakini aliyezaliwa mlimani anajua: mtu akikukosea, akakuletea jani la isale, huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama amekuvunjia nyumba. Unaweza kumchukia ukitaka, ila jani utalipokea, kwa maana atakayelikataa ndiye anayekuwa na kosa.

"Shikamoo, baba," alisema Kindness. Sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba, mwanangu." Filemon hakuketi. Alimgeukia Lukresia. "Mama Kindness, nimepita nyumba zote za wanakikundi, hii ni ya mwisho. Siku ile nilikunywa. Simu iliita, mimi nikalala, maziwa yako na ya wenzako yakaharibika. Nimekuja nalo."

Lukresia aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili. "Yameisha, baba," akasema. "Karibu uketi. Kahawa ipo."

Lakini Filemon alikuwa bado na jani moja. Akasogea mbele ya kigoda cha Kindness na kulinyoosha.

"Na hili ni la kwako. Wewe huna maziwa, ila ulitengeneza kitu chema, mimi nikakiaibisha mbele ya watu. Wengine wangesema mashine ndiyo mbovu. Ningekuharibia jina, mwanangu."

Mikono ya Kindness haikuinuka. Ilikaa mapajani kama ya mtu mwingine. Filemon akangoja, jani likiwa bado limenyooshwa.

"Pokea," mama yake alimwambia kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Kisha kwa ukali, "We Kindness. Pokea."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Unajua unachokifanya?"

"Siwezi kulipokea, baba," Kindness alimwambia Filemon, na machozi yakawa yameshafika, akaona aibu nayo, kwa sababu hakuwa na haki ya kulia yeye. "Simu haikuita."

Filemon hakuelewa. Alitabasamu kidogo, kama anayefarijiwa. "Iliita, mwanangu. Nilikuwa nimelewa."

"Haikuita. Programu ilikuwa imekwama. Niliifuta sehemu fulani nikasahau sehemu nyingine, ikajaa ndani, ikasimama. Umeme ulipokatika haikuweza kupiga. Asubuhi niliizima na kuiwasha, ndiyo maana ikaita kwa Mama Elisifa. Ungekuwa umekaa macho usiku kucha na simu sikioni, usingesikia kitu."

Ng'ombe aliacha kutafuna, au labda ilionekana hivyo tu. Filemon alirudisha mkono wake taratibu, jani likabaki kifuani mwake.

"Haikuita," alisema.

"Haikuita, baba."

"Umejua lini?"

Kindness alikuwa ameliogopa swali hili kuliko kosa lenyewe. "Kabla ya kikao."

"Na kikaoni uliulizwa."

"Niliulizwa."

Lukresia aliita jina la Mungu, kimya kimya, akakaa juu ya magunia ya majani ya ng'ombe.

Filemon aligeukia kando. Alipoongea, hakumtazama Kindness, aliiangalia migomba. "Mke wangu alisema haikuita," akasema. "Alisema siku ile, akasema kikaoni, akasema tena nyumbani. Mimi nikamwambia anyamaze. Nikamwambia anasema uongo kwa ajili yangu, na mimi sitaki uongo ndani ya nyumba yangu. Alilia." Akalikunja lile jani mara moja, akalikunjua. "Miaka yote hiyo sijawahi kumwita mwongo."

Aliaga vizuri, kama anavyoaga mtu aliyekunywa kahawa, akaondoka na isale lake.

Hatua zake zilipokwisha kusikika, Kindness aliinuka, akachukua panga kwenye ukuta wa banda, akaelekea mpakani. Alikuwa anaona mbele yake kitu kimoja tu: atakata isale, atamkimbilia mzee njiani kabla hajafika kwake, atapiga magoti hapo hapo kwenye mawe. Alikuwa ameshalishika shina mama yake alipomkamata mkono.

"Unampelekea nani?"

"Baba Filemon."

"Sasa hivi?"

"Mama, niache. Lazima nimwombe msamaha."

"Ukimpelekea hilo leo, atakusamehe," alisema Lukresia. "Hawezi kukataa. Hata kama moyo wake haujafika, atalipokea, kwa kuwa ndiye Filemon na kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Utamnyang'anya na hiari yake pia?"

Kindness aliliachia shina.

"Utampelekea," alisema mama yake. "Mimi mwenyewe nitakusindikiza. Ila kwanza kuna nyumba amezipita, kila nyumba imemsamehe kosa la kwako. Anza na hizo." Alichukua panga kutoka mkononi mwake, akalirudisha ukutani, na hapo ndipo naye alipolia, kwa hasira, mgongo akiwa amempa mwanawe. Ilimuuma Kindness kuliko kama angepigwa.

Alikwenda kwa Mama Elisifa kwanza, maana ndiyo nyumba iliyo karibu na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Njiani mafundi wawili wa pikipiki walimsalimia, akaitikia bila kuwaona. Alijaribu kupanga maneno, akayaacha. Maneno ya kupangwa alikuwa ameshaona yanavyomtenda.

Mama Elisifa alikuwa barazani anachambua maharage. Isale la Filemon lilikuwa kwenye chupa ya maji dirishani, limewekwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu? Mama yuko salama?"

"Yuko salama. Mama, Filemon hana kosa. Simu haikuita. Kosa lilikuwa la programu yangu, na nililijua kabla ya kikao, nikanyamaza."

Alisema hivyo kwa pumzi moja, na hakuongeza kitu. Mama Elisifa aliendelea kuchambua punje chache, kwa kuwa mikono huchelewa kusikia. Kisha ikaacha. Kindness alingoja matusi, na alikuwa anayatamani.

"Mke wake alisema," Mama Elisifa alinena hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyecheka."

Kindness hakuwa amejua ni nani aliyecheka siku ile. Mama Elisifa aliuweka ungo chini, akainuka kwa kushika nguzo ya baraza, akaingia ndani. Alitoka amejifunga kitenge cha kwendea watu, viatu mkononi, akaketi kwenye ngazi kuvivaa. Vidole vyake havikukipata kifungo cha kiatu vizuri, Kindness akainama kumsaidia, na mama yule akausukuma mkono wake pembeni, akafunga mwenyewe.

"Nyumba inayofuata ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Mama Eliona."

"Twende. Wewe utasema la kwako, na mimi nitasema la kwangu."